Nilimpunguzia Mjukuu Wangu Miaka Mitatu

Bwana mwenye ukurasa huu, chapisha maneno yangu yote, ila jina langu libaki mezani kwako. Mimi ni mjane wa miaka sitini na kitu, naishi upande wa Kangemi, na ni kiongozi wa akina mama kanisani kwetu. Kusoma nilijifunza katika darasa la ubatizo tu, kwa hiyo anayetaka kuucheka mwandiko wangu acheke amalize, kisha anisikilize.

Nimefanya kazi hospitali ya misheni miaka mingi, kuosha wagonjwa na kufunga vidonda. Siku niliyoandikwa hakuna aliyeniuliza darasa wala umri. Sista mzungu aliigeuza mikono yangu akaitazama, akanipa beseni la mgonjwa nikamwage. Nikamwaga, nikalisugua, sikukunja uso. Akasema, "Kesho uje." Basi. Baadaye wakataka wasichana wanaojua kusoma. Baadaye tena darasa la sita. Siku hizi ni darasa la nane, Kiingereza, barua ya mchungaji, na miaka kumi na minane kamili kwenye karatasi. Sisemi ni vibaya. Dawa zimekuwa nyingi, asiyesoma ataua mtu. Lakini masharti yanapanda kila mwaka, na ndiyo maana situlii.

Mjukuu wangu nimemlea tangu mama yake afariki. Nitamwita Njeri. Amemaliza darasa la nane, amepita vizuri, na Kiingereza anakiongea kama maji. Majuzi nilimpeleka hospitali kubwa kule kilimani, wanakofundisha wauguzi, pasi zetu za ruhusa ya kutembea mkononi. Sista mkuu alimuuliza maswali, akampenda. Kisha karani akafungua cheti cha ubatizo.

"Huyu ana miaka kumi na mitano."

"Kijana, una macho wewe? Njeri, simama! Ananipita kichwa kizima. Huyu ni mtoto?"

"Mama, mimi siandikishi urefu. Naandikisha karatasi."

Sista alituhurumia. Alisema mchungaji akiandika barua ya kusahihisha, nafasi atamwekea hadi mwisho wa mwezi. Bila barua, angoje miaka mitatu. Miaka mitatu! Si watakuwa wanataka waliomaliza sekondari?

Njeri alilia kutoka kule juu hadi tukafika maduka mapya ya Adams. "Yule mchungaji mzee nilimkosea nini, Nyanya? Kuandika miaka tu kulimshinda? Ameniharibia maisha, na sasa amekufa hata siwezi kumuuliza!"

Nikamwambia, "Futa kamasi, watu wanatuangalia." Hilo ndilo jibu nililompa mtoto.

Mchungaji hakukosea. Ni mimi. Nilichelewa kumpeleka Njeri shule kwa sababu alikuwa anachunga mbuzi wangu nikiwa kazini. Nilipoamka usingizini alikuwa na miaka kumi, na mwalimu alikuwa anawafukuza wakubwa, nafasi za darasa la kwanza ni za wadogo. Wenzake wa rika lake wote walirudishwa wakachote maji. Njeri alikuwa mwembamba, mfupi. Shule ilitaka cheti, nami nikaenda kwa mchungaji nikasema miaka saba. Aliinua macho akanitazama. "Una hakika, mama?" Nikajibu kwa ukali, "Nilimpokea kwa mikono hii, utanifundisha wewe?" Akaandika. Aliniamini.

Sasa mchungaji wetu mpya anasema jambo ni jepesi: mimi na shahidi mmoja tuape kwamba marehemu alikosea, naye ataandika barua siku hiyo hiyo. Na shahidi amejitokeza bila kuitwa. Ni mke wa marehemu. Tunakaa naye benchi moja la mbele. Jumapili alinishika mkono akasema, "Usihangaike, dada yangu. Mzee wangu macho yalikuwa yamemwisha siku zile. Nitaapa na wewe, mtoto apate kazi."

Macho ya marehemu yalikuwa mazima kabisa. Alinitazama nayo.

Nikisema ukweli, nitatolewa benchi la mbele nikae nyuma, bila meza ya Bwana, na Mungu anajua ni wasichana wangapi mimi mwenyewe nimewapeleka huko nyuma kwa makosa madogo kuliko hili. Watanicheka, na watakuwa na haki. Hiyo nitaimeza. Ninaloogopa ni mchungaji kuniuliza, "Jana ulisema saba, leo unasema kumi, niandike lipi?" kisha akatae kuandika. Hapo Njeri amekosa nafasi, tena amejua aliyemkosesha ni nani. Nikinyamaza, ataingia, lakini nitakuwa nimemwapisha mwanamke mwema uongo juu ya mume wake, na mjukuu wangu atawaosha wagonjwa huku akimlaani marehemu aliyemfungulia mlango wa shule.

Wasomaji, msiniambie niombe. Nimeomba hadi magoti yamechubuka. Wala msinifundishe kwamba uongo ni mbaya, nilikuwa nawafundisha watu hivyo kabla hamjazaliwa.

Jumamosi asubuhi yule mama atanipitia twende pamoja kuapa. Amesema atakuja mapema, na atamletea Njeri viatu vya kazi. Nishaurini, nifanye nini? Akibisha hodi, mimi nimwambie nini?