Nilimpikia mama mkwe mtarajiwa "upupu" hapa London, posa ikaanza kuwasha

Wakuu, heshima zenu. Kisa hiki sijakiongeza chumvi. Chumvi yote niliitia kwenye sufuria, na hiyo haikulalamikiwa.

Mimi ni kijana wa Morogoro, napanga room Kilburn. Nina mchumba, Zuhura, nurse, mtoto wa Kipemba aliyekulia Wembley. Tunapendana, kila kitu safi, isipokuwa mama yake, Bi Salma, hataki kusikia habari ya posa.

Hoja yake: binti anafanya shift ndefu, akiolewa na mwanaume asiyejua jiko atakufa njaa.

Akatoa tamko. Jumamosi anakuja kula kwangu, akishaonja ndipo atasema kama nilete wazee.

Mtu mwenye akili angepika pilau. Mimi nina akili zaidi.

Nilikuwa naangalia video za mzungu mmoja mwenye ndevu. Kila spring anachuma majani porini, anaita foraging. Bibi yangu alikuwa anafanya hivyo hivyo, sisi tukaita shida. Kumbe ukipanda ndege inakuwa lifestyle!

Zuhura akanionya, "Usichume park. Mbwa wakipita hapo, Mum won't touch it."

Sawa. Nikaomba kwa mfanyakazi mwenzangu mwenye allotment, kashamba kake kana uzio, mbwa haingii. Nikaenda na gloves za pink za kuoshea vyombo, nikachuma wild garlic, yaani kitunguu saumu pori, na nettles changa, yale majani yanayowasha ukiyagusa. Wazee wa Kiingereza waliokuwa wanapalilia hizo hizo nettles wazitupe walinitazama kwa huruma sana.

Nikarudi, nikaosha, nikachemsha mpaka kuwasha kukaisha, nikaunga kwa kitunguu na tui zito la nazi. Pembeni wali.

Bi Salma akafika. Shikamoo, marahaba, akakaa kama hakimu.

Akaonja. Akaongeza!

Zuhura akanikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Mimi tayari najiona nimevaa kanzu.

"Mboga tamu hii, mwanangu. Mboga gani?"

Wakuu, hapo majibu yalikuwa mengi. "Mboga za majani, mama" ingetosha kabisa. Lakini mtaalamu akanyamaza ataonekanaje mtaalamu? Nikawaza, nettle inawasha, na kinachowasha kwa Kiswahili ni nini?

"Upupu, mama. Nimeuchuma kwa mkono wangu."

Kwa mliokulia mjini: upupu ni yale manyoya ya ganda ambayo mtu anamwagiwa kitandani na adui yake, akajikuna mpaka akome.

"Yarabi toba! Kanilisha upupu!"

Akakimbilia sinki kusukutua. Akaanza kujikuna shingo, kisha mikono.

"Mum, it's just nettles!"

"Nettles nnazijua, zimejaa nyuma ya nyumba yangu! Huyu kasema upupu kwa mdomo wake!"

Akavaa viatu, akatoka. Zuhura akamfuata bila hata kuniangalia.

Nikabaki na sahani. Mbwa niliwakwepa, nikaumwa na neno. Msicheke, machozi yalinilenga kweli. Yule binti nampenda, na nilijua bila radhi ya mama yake hanifuati popote.

Mara mlango ukagongwa. Bi Salma, Zuhura nyuma yake. Nikadhani kasahau mwavuli.

Akanyoosha kidole kwenye sufuria. "Ilobaki nitilie kwenye kopo."

"Mama, si umesema..."

"Nimesema jina lake baya. Mboga sijaisema."

Nikajaza kopo la ice cream mpaka juu. Akalipokea, akafika mlangoni, akageuka.

"Wazee wako wanipigie simu. Na wakikuuliza ulinipikia nini, sema mchicha."

Nilichojifunza: ukiulizwa jina la chakula na mtu ambaye bado anatafuna, muache amalize kwanza. Utaalamu hauna haraka.

Sasa nyie wajuvi wa lugha humu, nettle kwa Kiswahili tunaiitaje? Tiririkeni, maana harusi inakaribia na Wembley nzima wananiita Bwana Upupu.