Sentensi Niliyoibuni Jikoni

Kaka yangu alinipigia simu Alhamisi moja jioni. Akauliza habari za mvua, akauliza habari za shule, akauliza kama kwetu Kitendaguro umeme upo. Kaka yangu si mtu wa maneno mengi, nikajua kuna jambo.

"Njoo Izigo Jumamosi," akasema mwishowe. "Uongee na mwanao."

Kwetu Wahaya shangazi ni baba wa kike. Mambo ambayo baba hawezi kumwambia binti yake, na mama anaona aibu kuyataja, yanapelekwa kwa dada wa baba, atake asitake. Huyo mwanangu alikuwa na miaka kumi na minane, yuko kidato cha tano, amekuja likizo. Mama yake alikuwa amemkuta mara mbili nyuma ya nyumba akiongea na simu huku anacheka. Ingekuwa mara moja wangevumilia.

"Nimwambie nini?" nikauliza.

"Yale yale unayowaambia wa shuleni."

Nafundisha biolojia, na ni mwalimu wa malezi pia, katika shule moja ya sekondari Bukoba mjini. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Nilipoanza nilikuta chati ya mfumo wa uzazi ambayo mwalimu aliyenitangulia alikuwa ameibandika karatasi ya manila katikati, hivyo wanafunzi walikuwa wakijifunza mfumo wa uzazi wa mtu mwenye kifua na magoti tu. Nikaibandua. Mkuu wa shule wa wakati huo akaniita ofisini, akaniuliza ile karatasi iko wapi. Nikamjibu kwamba nimeitumia kuandikia ratiba ya usafi. Hakuniita tena.

Somo langu ni la dakika arobaini. Nawaambia kwamba kusubiri ni uamuzi, kutosubiri ni uamuzi, na kwamba ukivutwa mkono ukanyamaza, aliyeamua ni mwenye mkono. Nawaambia mimba inapatikanaje na inazuiwaje, magonjwa yanaambukizwaje na yanatibiwa wapi. Mwisho nawaambia kwamba kabla ya jambo lolote watu wawili wanakwenda kupima. Daima kuna mwanafunzi anayeuliza mtu unamwanzaje mwenzio kumwambia habari hiyo, na daima anauliza dakika ya thelathini na tisa. Kengele ya shule yetu haijawahi kuchelewa.

Jumamosi nilipofika Izigo kaka alinipokea mkoba, akanikaribisha vizuri, kisha akachukua panga akaingia kibanjani. Nilimsikia akikata majani makavu ya migomba. Alipoyamaliza aliendelea kukata, sijui alikuwa anakata nini. Wifi alikuwa amekwenda mazoezi ya kwaya. Jikoni kulikuwa na mkungu wa ebitoke, ndizi zetu za kupika, beseni la maji, visu viwili na binti. Aliyepanga hivyo alijua anachofanya, maana ukimenya ndizi huna haja ya kumtazama mtu usoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama."

"Baba amekuita uje kuniambia."

"Ndiyo."

"Haya, niambie."

Nikamwambia lote, na kwa kuwa hapakuwa na kengele nilikwenda hadi mwisho. Alisikiliza kwa heshima, akimenya haraka kuliko mimi.

"Hayo nayajua, shangazi. Kwenye mtihani nilipata tisini." Akachukua ndizi nyingine. "Kuna kijana. Yuko chuo. Ananiuliza nasubiri nini. Mimi sijaamua kitu, na sitaki aniamulie. Ila nataka tupime kwanza, halafu ndiyo nijue nasema ndiyo au hapana. Sasa nikimwambia tukapime ataona namshuku. Mtu unamwambiaje?"

"Unamwambia tu, twende tukapime."

Akaweka kisu chini. "Wewe ulimwambiaje wako?"

Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na nilikuwa nimechumbiwa, jambo ambalo ukoo ulikuwa umelijadili msimu mzima zaidi kuliko bei ya kahawa. Mchumba wangu ni fundi seremala, aliyefiwa na mkewe, mtu mpole. Kwa mwaka mzima alikuwa akija kwangu kila Jumapili mchana, anakunywa chai, anatengeneza kitu chochote kilicholegea, na kabla giza halijaingia anaaga na kuondoka. Hakuwahi hata kunishika mkono zaidi ya salamu. Nilidhani ni adabu ya Kilutheri. Habari ya kupima hatukuwa tumeitaja hata siku moja.

Sababu yake naijua. Wazazi wangu wamelala kibanjani pale pale Izigo, mmoja karibu na mwingine, na walipishana miezi michache. Bibi aliyetulea mimi na kaka hakuwahi kuutaja ugonjwa wenyewe. Alisema tu "ule". Darasani nautaja mara ishirini kwa kipindi kimoja. Kwa mchumba wangu niliogopa kumwuliza, na niliogopa zaidi kujibiwa.

"Nilimwambia," nikasema, nikiitazama ndizi, "mpenzi, afya yetu ni muhimu, twende tukapime pamoja."

"Akasemaje?"

"Akasema sawa."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akafuta mikono, akachukua simu, akaandika. Nilimwona akiandika neno mpenzi. Sijawahi kumwita mtu yeyote mpenzi maishani mwangu.

Kaka alirudi chakula kilipoiva. "Mmeongea?" Nikamwambia tumeongea. Alifurahi sana, akanifungia mkungu mzima nirudi nao mjini. Njia nzima niliona aibu. Binti yule alikuwa ameuliza swali la dakika ya thelathini na tisa, na mimi nilikuwa nimemdanganya. Angesimama mbele ya kijana na sentensi niliyoibuni jikoni, akitegemea kwamba imeshafanya kazi kwa mtu anayemwamini. Isipofanya kazi ataona kosa ni lake.

Kesho yake mchumba wangu alikuja kama kawaida. Nikaamua kuijaribu sentensi yangu mwenyewe. Nilipofika kwenye neno mpenzi nikakohoa. Akaniletea maji. Nikaanza upya, nikaishia kumwuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Akasema inatosha. Mara ya tatu nikaiacha sentensi.

"Naogopa kukuuliza hili, na nakuuliza," nikasema. "Umewahi kupima?"

Akaweka kikombe mezani taratibu.

"Niko kwenye dawa mwaka wa kumi na moja," akasema. "Nilikuwa nasubiri uniulize. Wewe si ndiye mwalimu?"

"Na wewe si una mdomo?"

Nilikasirika sana. Nilimwuliza alitaka nijue lini, baada ya ndoa yetu kutangazwa kanisani? Akasema kila Jumapili alikuja akiwa amekusudia kusema, na kila Jumapili akaishia kukaza skrubu. Ni kweli nyumba yangu haikuwa na mlango unaolia. Nikalia, naye akalia, tukiwa tumekaa mbali mbali kwenye viti alivyovitengeneza yeye. Kichwani nilikuwa nayo maelezo yote: anayemeza dawa vizuri, virusi vyake vikafika kiwango kisichoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake wanapolala pamoja. Nimeyaandika ubaoni kwa chaki zaidi ya nilivyoandika jina langu. Siku hiyo ilinibidi nijifundishe upya tangu mwanzo, na mwanafunzi alikuwa mgumu.

Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti moja, niseme kwamba hajawahi kuruka dawa hata siku moja. Nimesema.

Alipoondoka nilimpigia binti.

"Jana nilikudanganya," nikamwambia. "Sikuwa nimemwuliza. Nimemwuliza leo."

"Kwa hiyo ile ya mpenzi umeitoa wapi?"

"Kwenye bango, nadhani."

"Na kweli yenyewe amesemaje?"

"Alichojibu ni siri yake, siwezi kukupa. Maneno yangu nakupa." Nikamtajia polepole: naogopa kukuuliza hili, na nakuuliza.

"Haya hayana mpenzi," akasema.

"Hayana."

Jumanne tulikwenda kituo cha afya, mimi na seremala wangu. Muuguzi aliyetupokea nilikuwa nimemfundisha kidato cha tatu. Alinieleza kila kitu hatua kwa hatua kama vile sijawahi kukisikia, nami nikamshukuru, maana kweli nilikuwa sikisikii. Mimi sina virusi. Yeye anavyo, na karatasi zake zinaonyesha havionekani. Nilizisoma karatasi hizo mwenyewe, nikaenda nazo nyumbani, nikazisoma tena kwa siku kadhaa. Kisha nikamwambia mchungaji atutangaze.

Wiki mbili baadaye, likizo ikikaribia kwisha, binti akapiga simu. Nilikuwa nasahihisha madaftari.

"Shangazi, nimemwambia."

"Maneno yale?"

"Yale yale. Sikuongeza kitu."

"Akasemaje?"

"Amesema kama simwamini, basi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, basi."

Nikashusha kalamu. Nilijivunia hadi nikasimama. Nilianza kumwambia kwamba amefanya jambo linalowashinda watu wazima, kwamba mimi mwenyewe lilinichukua mwaka, kwamba baba yake angejua, japo hatajua, angeona fahari. Niliendelea hivyo kwa muda mrefu kidogo kabla sijagundua kwamba analia, na kwamba alikuwa analia tangu mwanzo.

"Nampenda, shangazi," akasema. "Mbona hukuniambia kwamba itauma hivi?"

Nikaketi tena.

"Sikujua, mama," nikamwambia. "Wangu alinijibu."

Akaendelea kulia, nami sikukata simu.