Nyumba ya Mama Mkwe Nyuma ya Migomba

Nyumba ninayoistaajabia kuliko zote hapa Bwera ni ndogo, ya fito na udongo, nyuma ya nyumba ya jirani yetu Erifazi. Aliijenga mwenyewe kwa ajili ya mama mkwe wake, Kaswera.

Mwaka 1964, vita vilipowaka upande wa Beni, kule Kongo, Kaswera alivuka mto Lubiriha wa mpakani akiwa na mkeka na sufuria. Kwa desturi yetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, wala hawalali chini ya paa moja. Basi alilala kwa majirani, na kila asubuhi alimwambia binti yake Tabisa, mke wa Erifazi:

"Mi siwezi kuzeekea mu nyumba ya watu. Nitarudia kwetu."

Na kwao palikuwa panaungua.

Erifazi akapima kiwanja nyuma ya migomba. Kwa heshima, mlango aliuelekeza milimani. Upande wa kwake akapanga ukuta mtupu, bila tundu hata moja. Kaswera alipokuja kutazama vigingi, Erifazi alijificha kwenye miti ya kahawa.

"Tabisa, bwana yako ananijengea nyumba ao kaburi? Nikianguka humu, nani atajua?"

Akaenda kufunga mkeka wake.

Erifazi aling'oa vigingi vyote, akaanza upya. Mlango akaugeuzia jiko la Tabisa. Akachora kwa majivu mstari wa uzio wa matete, ili yeye apite upande wa pili. Na ukutani, karibu na paa, akapanga kuweka kidirisha: sauti ipite, jicho lisipite. Kisha akaenda hadi nyumba ya majirani, akasimama uani akiwa ameipa mgongo.

"Mama, nitakuamkia dirishani kila siku. Usipoitika, nitavunja mlango."

Kaswera, akiwa ndani na binti yake, akasema:

"Tabisa, mwambie mukwe wangu aongeze upana wa mlango. Mi si kuku."

Mkeka ukafunguliwa.

Nimekua nikisikia salamu zile: kikohozi, "Umeamkaje, mama?", kisha "Niko, baba." Asubuhi moja mwaka 1973 hakuitika. Erifazi alivunja mlango, akaingia kinyumenyume, akachuchumaa. Tabisa akampandisha mama yake mgongoni mwa mumewe, naye akambeba hadi zahanati bila kugeuza shingo.

Kaswera alipona. Aliporudi, jambo la kwanza aliuliza kama kidirisha bado kipo.

Kipo hata leo.