Sufuria Lisilo na Mwenyewe

Mwaka jana nilirudi Katesh kwa Maulidi, nikaona maajabu. Chakula kilipikwa kwingine kikaletwa na gari, sahani za kutupa, na kabla ya alasiri kina mama wote wameshajinyoosha makwao. Hakuna aliyesugua kitu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikasirika, na nikikueleza sababu utanicheka.

Enzi zetu, tukiwa bado Mkoa wa Arusha, pilau la Maulidi lilipikwa uani kwetu kwa masufuria ya kuazima, na mpishi mkuu alikuwa bibi yangu. Mwaka mzima alizunguka minadani kuuza mitumba, leo huku, kesho kule, mimi nikibaki na shangazi. Siku moja tu ilikuwa yangu: kesho yake ya Maulidi. Tukimaliza kurudisha vyombo, bibi alitandika mkeka nyuma ya nyumba, pale upepo wa mlimani usipofika. Tulikunywa chai ya maziwa yenye iliki, tukatafuna ukoko uliobaki, kisha akanilaza mkononi mwake tukasinzia. Sharti lake lilikuwa moja: chombo cha watu hakilali kwetu mara mbili, na kirudi kisafi kuliko kilivyokuja.

Mwaka ule nilikuwa na haraka na huo mkeka. Niliamka alfajiri nikasugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikachubuka. Nilitoa masizi yote, na alama za rangi ambazo watu hupaka ubavuni kutambua vyombo vyao nikazitoa pia. Saa nne tulikuwa tumerudisha vyote, kila mwenyewe akitambua chake, isipokuwa sufuria moja kubwa, linang'aa kama la dukani, halina alama.

"Hili la nani?" bibi akauliza.

Basi akajitwika. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama motoni jana kutwa, naye anakwenda nyumba kwa nyumba, mimi nyuma na mfuniko. Kila mlango ni shikamoo, habari za watoto, habari za ng'ombe, karibuni chai. Halafu: si letu. Tulifika hadi kwa wauza maziwa waliohamia kutoka kijiji cha Gehandu, ambao Maulidi haiwahusu lakini vyombo walituazima. Si letu. Jirani wa ukuta mmoja alilitazama sana, akasema, "Si langu, mama," akafunga mlango. Nilitamani kulipiga teke hilo sufuria.

Jua lilikuwa linazama tuliporudi. Bibi akatandika mkeka, nami nikajitupa kando yake. Hata sijafumba macho, hodi. Ni yule jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu."

"Lile sufuria ni la kwako. Nililiazima mwaka juzi, kwenye msiba wetu. Jana nikalileta pamoja na mengine ya kuazima, nikidhani utalitambua libaki hapahapa. Mchana niliona aibu kusema mbele ya mtoto."

Bibi akaligeuza, akaligeuza tena. Kweli, kitako kilikuwa na kibonyeo chake. Nilikuwa nimelisugua hadi mwenyewe hakulijua. Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nililia kwa hasira. Nilimchukia jirani, maana hakusema uongo na bado alinilia siku yangu nzima. Nilijichukia zaidi mwenyewe, ila hilo sikulisema.

Adhana ikaita. Bibi akainuka kwa shida, akakunja mkeka.

"Magharibi hailaliwi," alisema. "Tutalala mwakani."

Mwakani nilikuwa shule ya bweni Babati. Mwaka uliofuata tukawa Mkoa wa Manyara, na bibi hakuwepo tena.

Sufuria ninalo mpaka leo, na masizi yake siyagusi. Mwaka jana, kesho yake ya Maulidi, nilitandika mkeka palepale nyuma ya nyumba. Sikuwa na chombo cha mtu cha kurudisha. Nililala mchana kutwa, mpaka nikachoka kulala, na hakuna aliyepiga hodi.