Ijumaa ya Nyumba Yetu

Juzi nilipita soko la Bukoba, nikakutana na harufu ya kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa pamoja na majani ya porini kisha ikaanikwa hadi ikauke na maganda yake. Miguu ikagoma. Mnaowajua Wahaya mnajua kwamba mgeni hapewi kiti tu. Huletewa na kikapu kidogo cha kahawa achukue punje mbili tatu. Akikataa, ameikataa nyumba nzima.

Tulikaa Izigo, Muleba. Baba alipofariki kwa ule ugonjwa ambao siku zile watu waliutaja kwa kunong'ona, Mama alifunga madirisha, akajifungia ndani kwa miezi. Watu nao walimsaidia kuyafunga, kwa kutokuja. Nilikuwa darasa la pili, nikazoea kula gizani, nikitafuta ndizi kwenye sahani kwa kupapasa.

Jumatano ya Majivu Mama aliamka akafungua madirisha yote. "Koku," akaniambia, "Kristo hakulizoea kaburi. Na sisi tusilizoee." Alirudi kutoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, akaenda nayo hivyo hivyo kisimani ili kila mtu amwone.

Ijumaa za Kwaresima jumuiya yetu ilisali Njia ya Msalaba nyumba kwa nyumba, kwa zamu, misalaba ya vijiti ikifungwa kwenye migomba ya mwenyeji. Zamu yetu ilirukwa. Ma Domitila, mwenyekiti wa jumuiya, alieleza kwamba wanatuonea huruma kwa kuwa tuna msiba. Mama akasimama mbele ya wote.

"Huruma hiyo kaa nayo, Ma Domitila. Ijumaa ijayo Yesu anapita kwangu."

Wakaja, wamejikunyata. Mama alikuwa ametandika nyasi mbichi sakafuni kama kwa harusi. Kituo cha sita, Veronika anapopangusa uso wa Yesu, alisoma yeye mwenyewe, kisha akaongeza yasiyoandikwa: "Uso huo ulikuwa na damu na mate. Veronika hakuuliza anaumwa nini." Mimi nilijivuna, ingawa sikuelewa vizuri.

Sala ilipokwisha akapitisha kikapu. Ma Domitila akakunja mikono. "Leo tumefunga, mama." Basi wote wakawa wamefunga, hata Mzee Pastori, ambaye shavu lake lilikuwa bado limetuna kwa kahawa aliyotoka nayo kwake. Akufukuzaye hakwambii toka. Mama alitabasamu tu.

"Sawa," akasema. "Kwaresima ina mwisho."

Pasaka, misa ilipotoka, alisimama mlangoni mwa kanisa na gauni lake jeupe, kikapu mkononi, mimi ubavuni. "Kristo amefufuka," alimwambia kila aliyetoka. "Leo nani amefunga?" Wengine walipitia mlango wa pembeni. Ma Domitila alipita akiangalia viatu vyake. Niliona aibu, nikamvuta gauni turudi nyumbani, lakini hakusogea. Mwishowe akaja Ma Leokadia, jirani yetu mwenye ulimi mkali, ambaye watoto wote tulimkimbia. Akachukua punje, akatafuna mbele ya macho ya watu.

"Haikukauka vizuri," akasema, akachukua nyingine.

Mpaka leo wapo wanaosema ugonjwa ndio uliotutia gizani. Nawakatalia, na nitawakatalia hadi nife. Giza lile lililetwa na watu, na aliyetutoa humo ni Kristo, akitumia ukaidi wa Mama. Lakini kwa miaka mingi nilidhani Mama alikuwa akiwakomoa tu. Nilipopata watoto wangu ndipo nikaelewa. Alijua kwamba naye anaumwa. Pale mlangoni hakuwa akiomba kupendwa. Alikuwa akiwaangalia mmoja mmoja, aone ni nani asiyeogopa.

Hakuifikia Kwaresima iliyofuata. Siku tuliyomzika, ukoo ulikaa kujadili nani anichukue, kila mmoja akimtazama mwenzake. Ma Leokadia akapenya katikati yao bila kuombwa, akanishika mkono.

"Huyu msimjadili," akasema. "Mama yake alishanipa."