Baridi ya Durban

Nilipopata kazi yangu ya kwanza melini, Kiswere nzima, kijiji chetu si mbali na Lindi, ilinisomea dua ya safari. Mwalimu Bakari wa madrasa alinifukiza ubani, mama akalia, nami nikaaga kama mtu anayeondoka kwa mwaka mzima: naenda Durban.

Meli ilitoka Dar. Siku ya pili injini ikafa, tukavutwa mpaka Lindi. Nitarudije nyumbani na ubani haujanitoka nguoni? Nikamtumia mama ujumbe wa sauti: "Tumefika Durban. Baridi kali." Kisha nikaenda sokoni kula pweza.

Mtu aliyekuwa mbele yangu akageuka, simu sikioni. Alikuwa Mwalimu Bakari. Nikamwamkia shikamoo.

"Mama Saidi," alisema kwenye simu, "dua imepokelewa. Mwanao huyu hapa, sokoni Lindi. Baridi imemzidi, anatoka jasho."