Kuku wa Saba wa Osmund Pask

Osmund Pask aliishi miaka ishirini na mmoja katika kichochoro kilicho nyuma ya kanisa letu, huku Southwark, kusini mwa mto, na muda wote huo kazi yake ilikuwa kuandika sehemu ya nne. Kundi la waigizaji lilipotaka mchezo mpya kwa haraka, watunzi wanne au watano waligawana kazi kama wachinjaji wanavyogawana ng'ombe: huyu mwanzo, yule vita, mwingine mapenzi. Pask alipewa sehemu ya nne kwa sababu humo ndimo watu walimofia, na wenzake walimjua kwa mkono wake mzuri wa vifo. Jina lake halikutangazwa popote. Mchezo ukishatoka mikononi mwake ulikuwa mali ya kundi, naye hakuwa na kauli tena juu yake, kama mwashi asivyo na kauli juu ya watakaolala katika nyumba aliyoijenga.

Mimi nilikuwa karani wa parokia. Niliandika waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Michezo sikuipenda. Niliamini, na naamini hadi leo, kwamba mchana wa kazi haukuwekwa ili watu wasimame kutazama wenzao wakijifanya wafalme. Lakini Pask nilimheshimu. Hakuwa mlevi, hakukosa ibada, na alimpenda mkewe.

Mkewe, Thomasin, alikuwa akitia wanga kola za mabwana. Hakujaliwa mtoto. Alifuga kuku saba nyuma ya nyumba, kila mmoja na jina lake, na majirani walimtania kwamba huwaamkia kuku kabla ya kumwamkia mumewe. Mwezi wa pili wa mwaka ule homa ilimshika. Pask alimuuguza siku tatu bila kuondoka kando ya kitanda. Siku ya nne, alfajiri, alitoka na ndoo kuchota maji, akaukuta mlango wa banda uko wazi. Alikuwa amesahau kuufunga. Mbwa wa uwanja wa kupiganishia mbwa na dubu, ambao haukuwa mbali na kwetu, walikuwa wamepita. Yalibaki manyoya.

Aliporudi ndani, Thomasin alifumbua macho akamuuliza, "Ozi, umefunga kuku?"

Akaketi, akamjibu kwamba wote wamo. Akaanza kuwataja mmoja mmoja. Alipomtaja wa sita, Thomasin alikuwa amekwisha kukata roho.

Haya nilikuja kuyajua baadaye. Laiti ningeyajua mapema, nisingefanya nililofanya.

Kwa miezi minane Pask hakuandika neno. Kisha kundi moja likamletea mchezo wa mfalme aliyepinduliwa akajificha kwa wachungaji wa kondoo, ili aandike sehemu ya nne. Ndani yake palikuwa na mchungaji mzee anayefiwa na mke. Pask akampa mchungaji yule maneno yake mwenyewe, na mke yule akampa ya Thomasin.

Hapo palikuwa na kosa, nami nilipokuja kujua nilimwambia usoni. Maneno ya mtu anayekata roho ni amana, na amana haiuzwi. Hakubisha. Alisema hakuyauza kwa kutaka sifa. Kwa miezi minane alikuwa akijiuliza jambo moja tu: je, Thomasin alimwamini, au alikufa akijua kwamba anadanganywa? Kichwani mwake alisikia sauti yake mwenyewe tu, na mtu hawezi kujihukumu kwa sauti yake. Alitaka kukaa mbali, amsikie mwingine akiyasema, apime.

Sasa, waigizaji wetu hawakupewa mchezo mzima. Kunakili kitabu chote kwa kila mtu ni kazi ya wiki nyingi, na tena kundi lilichelea kuibiwa. Kila mmoja alipewa karatasi ya maneno yake mwenyewe, na kabla ya kila zamu maneno mawili matatu ya mwenzake ili ajue pa kuingilia. Walifanya mazoezi ya pamoja mara moja tu, asubuhi ya siku ya mchezo, tena kwa haraka. Nafasi ya mchungaji alipewa Jerome Hask, mchekeshaji wa kundi. Karatasini mwake Hask aliona hivi tu: "umefunga kuku?" na chini yake, orodha ya kuku. Kwamba aulizaye yuko kitandani anakufa, hilo liliandikwa katika kitabu kikubwa, si kwake. Na sauti ya mke ilitoka nyuma ya pazia.

Hask alifanya ambalo mchekeshaji yeyote angefanya. Alidhani ni mke mwenye gubu akimfokea mumewe kutoka chumba cha pili. Akapanda jukwaani akitetemeka magoti, akiwahesabu kuku kwa vidole, akimtazama kila mmoja kana kwamba amesimama mbele yake. Alipoona maneno yamekwisha kwa kuku wa sita, akadhani mnakili amesahau mstari, akaongeza wake: "Na wa saba, mke wangu, nimemla!"

Watu walicheka hadi wakamwaga pombe. Nami nilikuwemo. Nilikwenda siku ile kwa sababu Pask aliniomba, wala hakuniambia kwa nini. Nilicheka. Nilipogeuka kumtazama, hakuwepo.

Baada ya wiki moja mstari ule ulikuwa mdomoni mwa kila mtu, kutoka darajani hadi kwa wavuvi wa mikunga. Pask alipopita njiani, wachuuzi, waliokwisha kusikia kwa waigizaji kwamba ni kazi yake, walimrushia maneno.

"Mzee Pask! Wa saba je?"

"Mwacheni, hamwoni tumbo lake? Bado anamcheua!"

Siku hiyo hiyo ndipo alipokuja kwangu akanieleza yote, nami nikaona aibu ambayo sijaimaliza. Nilimwambia tumwendee Hask.

Tulimkuta Hask nyuma ya jukwaa akila mkate na samaki wa chumvi. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa moyo.

"Karibuni! Karani naye leo kaja kwa mashetani? Kasisi wako akikuona itakuwaje?"

"Bwana Hask," Pask alisema, "nakuomba umwache kuku wa saba. Ishia kwa wa sita, kisha nyamaza."

"Ninyamaze? Ndugu yangu, wa saba ndiye anayewaleta! Wenzangu watanichinja mimi badala yake."

"Mke yule anakufa."

"Mke gani?"

"Aliye nyuma ya pazia."

Hask aliacha kutafuna. "Anakufa? Mbona mimi sikuambiwa? Karatasi yangu haina kifo."

"Kipo kitabuni."

"Kitabu mimi nakionea wapi?" Akamtazama Pask muda mrefu, kisha akauliza polepole, "Mama Pask alikuwa na kuku, sivyo?"

Hask akafuta mikono kwenye suruali. "Kesho," alisema. "Kesho nitasema kama unavyotaka. Mara moja tu, mzee. Zaidi ya hapo sina amri."

Alitimiza ahadi, na hilo naliandika kwa haki yake. Kesho yake alasiri alitoka polepole, hakutetemesha magoti, akaketi chini karibu na pazia. Alipomtaja kuku wa kwanza, watu walicheka. Walikuwa wanacheka kabla hajafungua kinywa. Kwa kila jina walicheka zaidi, wakivunja kokwa kwa meno, wakiwaambia wageni, "Ngoja, ngoja kidogo!" Akafika wa sita. Akanyamaza. Uwanja mzima ukamalizia kwa sauti moja:

"Nimemla!"

Pask alikuwa kando yangu. Uso wake haukuonyesha hasira. Alikuwa ametega sikio, kama mtu anayejaribu kusikia kitu nyuma ya kelele ile, halafu akakata tamaa.

Jumapili baada ya ibada, siku ambayo hakuna michezo, alinikaribisha kwake. Nyumba ilikuwa safi mno. Kiti kimoja tu kilikuwa na dalili za kukaliwa. Akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda, akanionyesha kitanda.

"Karani, sina mwingine wa kumwomba. Uliza wewe."

Nilimwelewa. Sikuwahi kutamka neno la mchezo kabla ya siku hiyo, wala baada yake. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, sikujua niweke wapi mikono. Nikauliza, "Ozi, umefunga kuku?"

"Nimewafunga, mama. Malkia yumo. Chongo yumo, kalala mlangoni kama kawaida yake. Mjane yumo. Kibeti yumo, kapanda juu ya Mjane. Mwimbaji yumo. Mtoro naye leo yumo."

Nikangoja wa saba. Hakumtaja. Nikasikia maji ya paa yakidondoka kwenye pipa nje.

Kisha akauliza, "Je, ungeniamini?"

Kuna watakaosema ningelimfariji. Mimi sikulelewa hivyo, naye asingeniuliza mimi kama alitaka faraja. Nilifikiri sana kabla ya kujibu.

"Hapana," nilisema. "Kuku walio bandani mtu hawataji kwa uangalifu namna hiyo. Ningejua."

Aliinamisha kichwa.

"Lakini nisingekukatiza," nikaongeza. "Ningetaka uwataje wote."

Alisimama, akafungua mlango wa nyuma, akaenda hadi kwenye banda. Tangu Februari lilikuwa limekaa wazi. Akausukuma mlango, akatia komeo, akalijaribu kwa mkono kuona kama limeshika.